Uliza kwa Nguvu

Mi ni mutu wa kunyamaza. Kwenye lycée, profeseri akiuliza kitu nakijua, naangalia viatu mpaka aite mwengine. Wageni wakifika kwetu Cibitoke, nasalimia na mikono mbili, naingia jikoni. Juu ya ivyo watu wanafikiri mi sikasirikaka. Nakasirika. Leo nimekasirika mpaka taya inaniuma.

Tulikuwa na match ya kriketi na ekipe ya wanawake ya Tanzania. Walikuja Bujumbura na bisi yao, na survêtement za bluu za michezo, kila mutu na jina yake mugongoni. Sisi ni wasichana wa lycée tofauti tofauti. Tunachezea kwenye tereni ya football, mukeka wa kamba tunautandika katikati. Mi ni gardienne: nasimama nyuma ya vijiti tatu, nimevaa gants kwenye mikono, nadaka mupira wenye kupita. Vijiti viko pande mbili za mukeka, na kila mipira sita ikiisha tunahama upande. Ni kazi nzuri kwa mutu kama mi. Unaona wote, na hakuna mwenye kukuangalia, juu wote wanaangalia mupira.

Sasa, kwa kriketi kuko sheria moja. Mupira ukigusa batte ya muchezaji mwenye kupiga, na we ukaudaka mbele haujaanguka chini, uyo ametoka. Lakini arbitre, mwamuzi, hawezi kumutoa kama hamujamuuliza. Ata kama ameona yote na macho yake. Lazima muulize. Kwa entraînement, kwenye mazoezi, tulikuwa tunauliza wote pamoja, kwa nguvu: "Namna gani?!" Kelly, ule wa Kinindo, yeye alikuwa anauliza mpaka mbwa za majirani zinajibu.

Wiki ile wageni wanakuja, muzee Népomuscène akatusikia. Yeye njo alikuwa anashugulikia mapokezi. Alifika na suti, na viatu vyenye kung'aa, akasimama kwenye majani.

"Nini iyi? Muko kwenye soko ya ndizi?"

"Muzee, tunauliza arbitre," Kelly akasema.

"Kuuliza! Musichana mwenye adabu anapiga makelele mbele ya wakubwa? Wageni watarudi kwao waseme nini? Kwamba apa hatuna mama wa kulea watoto?"

Coach wetu, Jovithe, alikuwa pale. Yeye anajua sheria kutupita sisi wote. Alianza kufunga kamba ya kiatu yake, na ile kamba ilikuwa imefungwa.

"Basi tutauliza namna gani?" Olga akauliza. Olga njo mwenye kutupa mupira.

"Kwenye masomo munafanyaka nini? Munanyoosha kidole. Munangoja. Na kwenye match munafanya ivyo ivyo."

Tukasema ndiyo muzee. Sisi wote. Mutu amevaa suti, utamwambia nini?

Leo sasa. Kapiteni wa Tanzania alikuwa kwenye mukeka na batte, mwanamuke murefu, anatafuna chewing-gum. Olga akatupa. Nikasikia "tk", kidogo tu, kama ukivunja kiberiti. Mupira ukageuka, nikaudaka. Ametoka! Na sisi wote, tereni nzima, tukanyoosha kidole. Kimya. Kama tunaomba ruhusa ya kwenda choo.

Arbitre alikuwa Ilias, anauzaka vipuri vya pikipiki kule Buyenzi. Akatuangalia. Kapiteni naye akatuangalia, akangoja, ata chewing-gum akaacha kutafuna. Mwenzake mwenye batte, wa upande ule wa mukeka, akaanza kucheka: "Jamani, hawa wanafanya nini? Wanaitwa majina?"

Kelly akanyoosha na mukono wa pili.

Ilias alingoja sana. Kisha akasema, "Tuendelee."

Yule mwanamuke akatupiga. Yesu wangu, alitupiga! Mupira inaenda kwenye ukuta, mupira inaenda kwenye barabara, mupira moja ikaingia chini ya hema ya wakubwa, Fanta zikamwangika. Kila mara nilikuwa nasema ndani ya roho: we ulishatoka. We ulishatoka.

Tulipopumzika kunywa maji, Népomuscène akatoka kwenye hema, mbio mbio.

"Ilias, juu ya nini uyu mama bado anacheza?"

"Hawakuniuliza, muzee."

"Walinyoosha mikono!"

"Mkono si swali. Wakiniuliza, najibu. Wasipouliza, mimi sina mdomo pale."

Mi nikasema, sasa ataomba radhi. Apana. Aligeuka akanionyesha mi.

"Ni uyu! Amesimama nyuma pale kama gunia ya makaa. Bubu! Jovithe, toa yeye. Gants upee Kelly."

Ile gants mi ndiyo ninaishona ikipasuka. Ile nafasi nyuma ya vijiti njo nafasi moja tu duniani yenye sionaka haya. Na anayeiondoa ni ule ule alitufunga kinywa. Nikaangalia Jovithe. Akakohoa.

"Muzee, acha Lisette amalize mipira sita. Kisha nabadilisha."

Kelly akanivuta shati. "Mi sitaki ma-gants yako, mikono yangu inatokaka jasho. Sema kitu, we!"

Nikakaza gants, nikarudi nyuma ya vijiti.

Mipira mbili ikapita. Tatu. Nne. Kwa wa tano kapiteni akataka kuupeleka tena kwenye hema. "Tk." Nikaruka upande wa kushoto, nikaanguka na kiwiko, mupira uko kwenye gants. Nikainua kichwa. Wenzangu wote kidole juu. Olga kidole juu, machozi kwenye macho.

Njo sauti ikatoka.

"NAMNA GANI?!"

Sauti ilikuwa mbaya, kama jogoo mugonjwa. Nikarudilia. "NAMNA GANI, ILIAS? NAMNA GANI?!" Sikumwita muzee, sikumwita kaka. Mulinzi wa kwenye mulango alisimama.

Ilias naye akanyoosha kidole. Chake kilikuwa na kazi: ametoka.

Kapiteni akapita karibu yangu, batte kwenye kwapa. "Safi, mdogo wangu. Hata ile ya kwanza nilijua nimetoka. Nilikuwa nasubiri muulize tu."

Alisema vizuri, anacheka. Mi ikanichoma zaidi.

Mupira wa sita ukapita. Népomuscène alikuwa ameshafika pembeni ya tereni, anachekea wageni, na mukono ameunyoosha kwangu chini chini. Akanongona:

"Leta gants, mutoto."

"Sijasikia, muzee."

"Gants. Leta." Bado ananongona, bado meno inje.

"Uliza kwa nguvu."

Tereni nzima ikasikia. Jovithe alisikia, na safari iyi hakugusa kamba ya kiatu. Kwenye hema wageni waligeuza vichwa, Fanta kwenye mikono. Népomuscène akafungua kinywa. Akaangalia hema. Akaniangalia mi. Mushipa ya shingo yake ilikuwa imesimama.

Akafunga kinywa.

Nikavuka mukeka na gants yangu, nikaenda kusimama nyuma ya vijiti vya upande mwengine.