Mahindi ya Kidato cha Nne

Alhamisi moja mapema mwaka 2013, wanafunzi wa kidato cha tatu wa Sekondari ya Bugwina walikuja shuleni bila madaftari. Kila mmoja alikuwa na kamba na kipande cha chaki. Mwalimu Careen, mzaliwa wa Same aliyepangiwa kazi wilaya ya Kibondo, aliwapanga mistari miwili akawapeleka njia ya Kitahana kupima urefu wa mikaratusi kwa kutumia vivuli vyake. Mradi huo aliubuni mwenyewe, akauita Darasa la Nje. Shule ilikuwa na madawati machache na watoto wengi, kwa hiyo kutoka nje kulikuwa na faida hata kabla ya kujifunza chochote.

Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri. Kila Alhamisi walitoka. Walifika kwa lori hadi Manyovu, mpakani na Burundi, wakajifunza hesabu kwa kubadili faranga za Burundi kuwa shilingi. Walikwenda Mtabila, kambi ya wakimbizi iliyokuwa imefungwa muda mfupi uliopita, wakachora ramani ya kuta zilizobaki na kuona jinsi mvua inavyorudisha tofali kuwa udongo. Siku hiyo Esteri, mmoja wa wanafunzi hao, alirudi nyumbani akamweleza mama yake mmomonyoko wa udongo kwa Kiha, kuanzia mwanzo hadi mwisho, huku wakichambua maharage.

Mama yake, Theodosia, alizaliwa njiani wazazi wake walipokuwa wakikimbia Burundi, na shule aliishia darasa la nne. Alitaka jambo moja tu: Esteri afaulu kidato cha nne, aende chuo cha uuguzi, asishike jembe la mtu.

Mvua za Oktoba zilipoanza, Mkuu wa Shule, Mwalimu Longinus, alisema mradi ulikuwa mzuri mno kuachiwa siku moja. Alikuwa na shamba bondeni, chini ya shule. Akasema Baiolojia iko shambani, Jiografia iko shambani, hata Fizikia iko kwenye mpini wa jembe. Kuanzia hapo watoto walilima Jumatatu hadi Alhamisi. Ijumaa waliingia darasani, wakaanza kwa usafi.

Careen hakukubali kuwaacha bila kufundishwa. Aligawa shamba kwa masomo, kila somo na kipande chake, akawa anatembea katikati ya matuta akisoma kitabu kwa sauti. Watoto walikuwa wameinama na wamechoka. Alichosoma kilipita juu ya migongo yao kikaingia kwenye udongo. Mahindi yalikuwa machanga na hayakuwa na kazi nyingine. Yakashika.

Ijumaa alipowauliza moyo una vyumba vingapi, walimtazama kwa adabu. Mikono yao ilikuwa na malengelenge.

Hakuna aliyejua somo lilikuwa limekwenda wapi hadi mavuno ya mwaka uliofuata. Khatibu, dereva wa lori lililobeba magunia kwenda Kasulu, alikula ugali wa mahindi ya gunia lililopasuka. Kabla hajanawa alimweleza mama ntilie jinsi moyo unavyosukuma damu, vyumba vyote na mishipa yake, kwa Kiingereza, lugha ambayo hakuwa nayo. Mama ntilie alimuuliza kama anaongezewa mboga.

Baada ya hapo wanunuzi waliofika Bugwina walikuwa na swali moja. "Haya ni ya Baiolojia au ya Kemia?"

Longinus akaanza kuandika magunia kwa chaki. Fizikia na Baiolojia zilinunuliwa na watumishi wa Kasulu mjini wenye watoto shule za bweni. Hesabu ilivuka Manyovu. Uraia ndio ulikosa soko. Gunia lake moja liliuzwa, wapagazi wa mnunuzi wakala debe moja, na kesho yake wakamuuliza mnunuzi kuhusu siku zao za mapumziko. Mnunuzi alirudisha lililobaki kabla ya saa sita.

Careen alikwenda ofisini kwa Mkuu.

"Watoto hawapati kitu," alisema. "Mahindi ndiyo yanapata."

"Nimeona, Madam," alisema Longinus. "Msimu ujao usome kwa sauti zaidi, hasa yakianza kutoa mbelewele."

Theodosia naye alikwenda. Alivaa kitenge cha kanisani. "Mwakeye," alisalimia, akapiga makofi taratibu kama inavyotakiwa mbele ya mkubwa, kisha akakaa kabla hajakaribishwa.

"Mama Esteri! Karibu. Kuna shida?"

"Kuna mtoto. Nataka debe la Baiolojia na debe la Kemia. Nitakulimia."

"Yale yana oda, mama."

"Yana oda, na mwanangu ana mtihani Novemba. Alichofundishwa kiko ndani ya magunia yako."

"Shule ni ya wananchi, mama. Shamba ni langu. Tusichanganye."

"Aliyechanganya ni nani, Mkuu?"

Longinus alicheka kwa moyo mweupe. Alisema laiti wazazi wote wangekuwa na mwamko kama wake, akamsindikiza hadi mlangoni.

Huko, shamba likishavunwa, kilichobaki chini ni cha anayeokota. Hata mwenye shamba mchoyo hamfukuzi mama mwenye kikapu. Kwa hiyo Theodosia hakugombana. Alisubiri lori la mwisho liondoke, akachukua kikapu, akateremka bondeni asubuhi. Alikuta watoto wa kidato cha nne wamejipanga kwa mstari mmoja, kutoka mpaka hadi mpaka, wanaokota. Lilikuwa somo jipya, Kuzuia Upotevu wa Mazao. Esteri alikuwa katikati. Aliokota vizuri, kama alivyolelewa, hakuacha kitu nyuma yake.

Jioni mama yake alimuuliza, "Hata punje hukuficha?"

"Walitukagua mpaka kwenye soksi, mama."

"Na mdomoni?"

"Bila kupikwa hayafanyi kazi. Mwenzangu Reverien alitafuna. Amepata tumbo tu."

"Huyo Reverien na ndugu zake wote wana haraka."

Theodosia alifikiri. Kesho yake alirudi bondeni na jembe. Kwenye kona yenye mawe, pembeni kabisa, kulikuwa na mashimo ya panya, na kila mtu aliyewahi kuona njaa anajua panya huweka akiba. Alichimba. Mahindi aliyakuta mwisho wa shimo, yamepangwa vizuri, yanajaza bakuli. Panya hawakukimbia. Mmoja alisimama mlangoni akamtazama kama mtu anayetaka kuona kibali. Theodosia alimsukuma kwa kisigino cha jembe.

Aliyasaga mwenyewe kwa jiwe, asije mwenye mashine akabaki na unga. Aliupika ugali mgumu, akauweka mbele ya Esteri, yeye mwenyewe akala viazi.

Esteri alikula tonge la kwanza, la pili.

"Mama," alisema, "mtoto ana haki ya kupata elimu. Mtu yeyote haruhusiwi kumfanyisha mtoto kazi inayomzuia kusoma."

"Hiyo ni Baiolojia?"

"Hapana. Ni Uraia."

Theodosia alitazama sahani. Kona yenye mawe. Alikuwa amechimba kipande kibaya.

"Endelea kula," alisema. "Huenda chini kuna kingine."

Chini ya sufuria kulikuwa na ukoko. Nao ulikuwa Uraia, sehemu ya jinsi mwananchi anavyopeleka malalamiko. Esteri aliutafuna wote. Walipeleka malalamiko kama ukoko ulivyoelekeza, kwa kufuata ngazi. Ngazi ya kwanza ilikuwa Mkuu wa Shule. Aliyapokea, akawashukuru kwa kufuata utaratibu.

Novemba Esteri alifanya mtihani. Mapema mwaka 2015 matokeo yalitoka. Kwenye Uraia alipata alama ya juu ambayo shule ile haikuwahi kuipata. Masomo mengine yote alifeli, kama wenzake. Kasulu mjini walifaulu sana mwaka ule. Binti mmoja aliyelishwa Baiolojia tangu Juni alichaguliwa kwenda kusomea uuguzi, na watu walisema anastahili, maana alijibu kila swali.

Wageni walikuja kwa gari kuuona mradi, wakapiga picha bondeni. Careen alipewa cheti na kuombwa akishike juu kidogo. Darasa la Nje likapelekwa kwenye shule nyingine, na kila mkuu wa shule akaambiwa atafute bonde. Careen aliomba uhamisho. Alijibiwa kwamba mwenye mradi haondoki mradi ukiwa unakua.

Oktoba mvua zilirudi. Shamba la Theodosia lilikuwa limechoka, na nyumbani kulikuwa na midomo ya kulisha. Asubuhi moja mama na mwana waliteremka bondeni kufanya kibarua kwa Longinus. Walipangiwa matuta jirani na kidato cha tatu kipya. Upande wa juu Careen alikuwa anasoma Kemia. Sauti yake ilikuwa imekauka, lakini ilifika.

Esteri alilima huku anasema. Hakuwa na kingine cha kusema. Alisema haki ya kusoma, haki ya kupumzika, haki ya kulipwa ujira wa haki, haki ya kusikilizwa, moja baada ya nyingine, kwa mpangilio, na miche ya mahindi ikageuza majani upande wake.

Longinus alikuja na mwavuli. Alisimama akamsikiliza mpaka mwisho wa tuta.

"Sawasawa kabisa," alisema. "Hujakosea hata kimoja. Lakini ukilima hapa funga mdomo, mwanangu. Uraia unashusha bei."

Theodosia aliinua kichwa, akamtazama bintiye, akamtazama Mkuu. Kisha akasema kwa Kiha, bila kusimamisha jembe, "Lima. Mvua inakuja."

Esteri alifunga mdomo. Tuta lililofuata lilikuwa la Kemia.