Kichwa Chini

Jeltje alipiga magoti kwenye tope la Oktoba, akachukua kitunguu cha maua cha kwanza na kukizika kichwa chini, mizizi juu. Akazika na cha pili. Aliendelea hivyo hivyo mpaka kikapu kikaisha.

Kila vuli mama yake, Froukje, aliagiza vitunguu vya kengele za theluji, maua meupe yanayotangulia mengine yote wakati baridi ingali inauma. Na kila vuli alisema lile lile: "Utaondokaje kabla hayajachanua? Nani atanisukuma nikayaone?" Yakishachanua, huzuka jambo jingine la kumzuia. Kaka zake Jeltje walikwisha kwenda zao. Yeye akabaki na kiti cha magurudumu, supu ya njegere na dirisha la jikoni. Safari hii shule moja ya mji wa Groningen ilimwahidi kazi, ikakubali kumngoja mpaka Machi. Maua yasipotoka, alijiambia, hakutakuwa na la kusubiri. Aliona haya kuwaza hivyo, lakini aliwaza.

Februari, bustani za majirani zikajaa weupe. Yao ilikuwa tope tupu. Mama alikaa dirishani kutwa, akilitazama tope.

Mwanzoni mwa Machi, yakatoka. Yalikuwa yamezunguka udongoni kutafuta njia, yakachomoza yamepinda shingo. Jeltje alitamani kuyakanyaga. Badala yake akamsukuma mama yake nje.

"Yamechelewa mwaka huu," Jeltje alisema.

"Yataachaje kuchelewa, na wewe umeyapanda kichwa chini?" Froukje hakumtazama. "Nilikuona, mwanangu. Macho yangu hayajastaafu."

"Mbona hukusema?"

"Niliomba yasitoke. Mdomo wangu hauwezi kukwambia nenda. Nikasema, basi, yakwambie yenyewe kwa kutotoka." Akavuta blanketi magotini. "Kumbe ni ving'ang'anizi kama mimi."

Jeltje akainama, akafuta tope kwenye ua moja.

"Lete sepetu ndogo. Haya huhamishwa majani yangali mabichi. Yatie kwenye ndoo. Huko kwako kuna bustani?"

"Kuna dirisha tu, mama."

"Dirisha linatosha."

Jeltje akachimba. Fungu la kwanza lilitoka na udongo wake, mizizi ikining'inia, akalitia ndooni. Mama yake alilitazama lile shimo kwa muda.

"Lakini hutayachukua yote," akasema kwa sauti ndogo. "Au siyo?"