Pima ya Mahmudi

Fundo la hatamu lilikataa kusogea. Mahmudi alikuwa amepiga magoti mchangani, tiara limelala chali mbele yake, goti moja likilikandamiza ukingoni upepo usilichukue. Alilisukuma fundo kwa ukucha wa gumba la kulia, huku uzi ameubana kwa meno. Mkono wa kushoto ulikuwepo pia, umeshikilia ufito wa katikati, lakini hakuuamini kwa kazi ndogo ndogo. Tangu kiharusi kimpitie kabla ya Ramadhani, mkono ule ulikuwa kama mgeni wa muda mrefu nyumbani: yupo, anakula, lakini humtumi dukani.

"Limepanda?" aliuliza Hafswa, mkewe. Alikuwa amekaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa, chupa ya chai mapajani.

"Upana wa ukucha."

"Na mara ile ulilishusha upana wa ukucha."

"Mara ile upepo ulikuwa mwingine."

Hafswa alijimiminia chai. Upepo ulikuwa ule ule tangu adhuhuri. Lakini mumewe hakuweza kukaa na jambo moja kwa muda wa kikombe cha chai. Alianza na tiara jeusi, pana, la upepo mwembamba. Likaanguka. Akachukua jekundu, dogo, la upepo wa nguvu. Nalo likaanguka. Akabadilisha fito, akarudisha zile za kwanza. Sasa alikuwa kwenye hatamu, zile kamba fupi za kifuani mwa tiara zinazoamua linaukabili upepo kwa uso gani. Ukilipandisha fundo karibu na pua, tiara hupaa jepesi na kukimbia. Ukilishusha, huvuta kwa nguvu na kugeuka papo hapo, lakini huona uvivu kupanda. Hayo Mahmudi hakufundishwa na mtu. Alilinunua tiara la kwanza la nyuzi mbili katika bandari ya Ulaya, zama zake za meli kubwa, akalisoma mwenyewe kwa kuanguka nalo. Kismayo nzima ilimjua kwa hilo. Watoto walikuwa na matiara yao ya karatasi na uzi mmoja, yanayokwenda upepo unakotaka. La Mahmudi lilikwenda anakotaka Mahmudi.

Alisimama, akatazama upande wa bandari. Nahodha Fumo hajaonekana.

Fumo alikuwa na boti ya mizigo iliyokwenda visiwani, Koyama na Chovai, mpaka Ras Kamboni. Miaka sita Mahmudi alisimama omoni, mbele kabisa ya boti hiyo, akitupa bildi, ile risasi nzito iliyofungwa kambani, akipima kina cha maji baina ya miamba na kupiga kelele: pima nne, pima tatu, geuza. Alipougua, Fumo alimngoja. Lakini sasa bamvua, maji makubwa ya mwezi, limekaribia na boti inaondoka kesho kutwa. Jana Fumo alikuja mpaka barazani, akanywa kahawa, akasema asemavyo siku zote, polepole: "Watu wananiambia mengi juu ya mkono wako, nami sitaki kuwasikiliza. Kesho laasiri nitapita pwani. Nikikuta umelishika tiara lako mikono miwili kama zamani, twende. Nikikuta vingine, nitamchukua kijana mmoja wa Darakasi mahali pako, na usinichukie."

Ndiyo maana Mahmudi hakukaa.

"Inuka, Mama Maimuna, nirushie."

Hafswa akalibeba tiara mpaka mwisho wa nyuzi, akaliinua kwa mikono miwili, akimwelekea mumewe, upepo ukimpiga usoni. Mahmudi akazikaza nyuzi. Mara tu zilipokaza, mkono wa kushoto ulivutwa mbele na wa kulia ukabaki nyuma kifuani. Aliuona, akauma midomo. Akaurudisha wa kushoto kwa nguvu, sambamba na mwenzake.

"Achia."

Tiara lilipanda urefu wa mnazi mchanga, likainama kushoto, likazunguka mara mbili na kuchoma mchanga kwa pua.

Bi Kulthumu, jirani aliyekuwa akikaanga bajia kando ya njia, aliinua kijiko chake. "Mahmudi, tiara lako hilo limetafuna mirungi? Mbona halitulii?"

"Geuza bajia zako, zinaungua."

"Zangu zinageuka zikiambiwa."

Hafswa alicheka, kisha akajizuia alipomwona mumewe. Mahmudi alikuwa amesimama akiutazama mkono wa kushoto kama mtu anayemtazama shahidi wa uongo. "Umekwisha," alisema kwa sauti ndogo. "Mkono umekwisha. Mwambie Fumo asijisumbue."

"Mwambie mwenyewe, una mdomo." Hafswa alikuja na tiara kwapani, akakaa chini mbele yake na kumvuta nguo naye akae. "Nikuulize kitu, Baba Maimuna. Mimi si mjuzi wa mambo haya, mimi ni mrushaji tu. Ukitaka liende kushoto, wafanyaje?"

"Navuta kushoto."

"Na mkono mgonjwa ndio upi?"

"Unauliza nini, mwanamke?"

"Mkono mgonjwa huvuta, au huvutwa?"

Mahmudi alivuta hewani kwa mkono wa kushoto, kisha akauachia. Kama kushoto kungekosa nguvu, upepo ungeuchukua uzi wa kushoto, na tiara lingeangukia kulia. Lakini kila mara lilianguka kushoto. Kushoto kulikuwa kunavuta. Mchana kutwa ameulaumu mkono kwa kosa ambalo mkono dhaifu hauliwezi.

Alinyanyuka kwa haraka kiasi kwamba alitaka kuanguka. Akakagua hatamu ya kushoto na ya kulia, zikawa sawa. Akapiga vijiti vya mbavuni kwa kidole, vikalia sauti moja.

"Nyuzi," alisema Hafswa.

"Nyuzi nimepima mwenyewe."

Ni kweli. Uzi wa kulia ulikuwa wa zamani. Wa kushoto uliliwa na panya alipokuwa kitandani, na alipopata nafuu alinunua mshipi mpya wa aina ile ile, akaupima kama wapimavyo watu wa pwani yote ile: anafungua mikono mpaka ncha za vidole, hiyo ni pima, anafungua tena. Pima kumi na tano, kama wa kwanza. Hakumruhusu mtu amsaidie. Pima ya mtu ni yake, kama sauti yake.

"Tuzilaze pamoja," alisema Hafswa. "Zikiwa sawa, nitakuomba radhi mbele ya Bi Kulthumu."

Walifunga vichwa vya nyuzi zote mbili kwenye pua ya mtumbwi, wakaenda nazo mchangani wakizinyoosha mpaka mwisho. Mahmudi aliangalia vitanzi viwili vya mwisho. Cha kushoto kilikuwa nyuma ya mwenzake karibu dhiraa mbili.

Akavigusa vyote viwili. Kisha akasimama na kufungua mikono yake hewani, kama apimavyo.

"Nyoosha," alisema Hafswa.

"Nimenyoosha."

"Nyoosha wa kushoto."

"Nimenyoosha, nakwambia."

Hafswa aliweka kiganja chini ya kiwiko chake cha kushoto, akakisukuma juu taratibu. Kiwiko kilikuwa kimepinda kidogo, na mwenyewe hana habari. Mkono uliponyooka, vidole vilisogea mbele upana wa vidole vitatu. Vidole vitatu katika kila pima, mara kumi na tano.

Mahmudi alicheka, kicheko cha kwanza siku ile. "Kwa hiyo ugonjwa ni wa uzi."

"Ni wa uzi," alisema Hafswa, lakini hakucheka naye.

Mahmudi hakupoteza wakati. Aliunga kipande kwenye uzi mfupi, fundo akilikaza kwa meno, akaulinganisha na mwenzake kitanzi kwa kitanzi, akamrudisha mkewe kwenye upepo. Safari hii mikono ilikaa sambamba. Tiara lilipaa bila kuyumba, likatulia kimo cha juu, likasubiri. Akavuta kulia, likageuka kulia. Akavuta kushoto, likapinda, likachora nane kubwa hewani, likashuka mpaka karibu na mchanga na kupita juu ya karai la Bi Kulthumu, naye akainama akimwombea Mahmudi kwa Mungu mambo ambayo si mema sana.

"Warya, Mahmudi," ilimwita sauti nyuma yake kwa Kisomali. Fumo alikuwa amefika, viatu mkononi. Alitazama mpaka nane ya pili ikamalizika. "Basi. Macho yangu yameona. Kesho kutwa, alfajiri."

"Inshallah," alisema Mahmudi, na mikono yake ikaendelea na kazi.

Alilolitaka amelipata. Lakini badala ya kutulia, moyo ulimwenda mbio kuliko mchana. Alichora nane nyingine, ikatoka mbovu. Macho yake hayakuwa tena kwenye tiara. Yalikuwa kwenye mlango wa Koyama, pale miamba inapobana, boti imejaa unga na saruji, naye yuko omoni anaivuta kamba ya bildi kwa mikono na kuhesabu. Pima tatu, atasema. Lakini pima zake tatu zimepungua vidole tisa, na Fumo, tezini kwenye usukani, ataamini tatu. Pale mlangoni, vidole tisa vya maji ndivyo vinavyoutenga mkuku wa boti na mwamba.

Alimtazama Hafswa. Hafswa alikuwa anakusanya vikombe. Alijua. Alikuwa ameshajua tangu alipokishika kiwiko, naye amemwachia aamue mwenyewe.

Mahmudi alilishusha tiara mchangani. "Fumo, ngoja."

Fumo alikuwa ameshapiga hatua chache. Akageuka.

"Tiara umeliona, ni kweli. Lakini kuna ambalo hukuliona." Akafungua mikono yake. "Tazama kiwiko hiki. Mimi naona kimenyooka. Hakikunyooka. Pima yangu imepungua vidole vitatu, nimelijua leo, na ningetupa bildi nayo."

Fumo alimjia karibu, akakitazama kiwiko kama anavyotazama mbao kabla ya kuzinunua. Akakibonyeza. Akatazama bahari. Bi Kulthumu aliacha kugeuza bajia.

"Nguvu unazo," alisema mwishowe.

"Nguvu ninazo."

"Na kamba yangu ya bildi haina alama, kwa sababu miaka sita alama ilikuwa wewe."

"Ndiyo."

"Hilo lilikuwa kosa langu, si la kiharusi." Fumo alikuna kidevu. "Kijana wa Darakasi, sijui pima yake ni ngapi. Wewe angalau tunajua. Sikiliza. Kamba itatiwa alama kila pima, na kila nusu. Utahesabu alama, mikono usiisikilize hata ikikwambia nini. Alama zikikamilika kabla ya kesho jioni, twende wote. Zisipokamilika, safari hii ubaki, tungoje bamvua lingine. Sikubali nusu kamba."

"Na nani atapima?"

"Mimi nitapima, wewe utafunga. Kwa mikono yote miwili, si kwa meno. Nilikuona tangu njiani."

Waliileta kamba kutoka botini, imekakamaa kwa chumvi, wakailaza mchangani kutoka kwenye mtumbwi. Hafswa alipasua leso kuukuu vipande vipande, akimuuliza Fumo kama nahodha mwenye boti nzima hana kitambaa chake. Fumo alifungua mikono, akaweka kidole. Mahmudi akapitisha kitambaa baina ya nyuzi za kamba na kukikaza. Mkono wa kushoto ulichelewa. Fundo la kwanza lilifunguka, akalifunga upya. La pili lilichukua muda mrefu, na mara tatu alitaka kuinuka akatembee kidogo, akakaa.

"Polepole," alisema Fumo. "Mwamba hauhami."

"Mimi ndiye ninayetaka kuhama."

Walikuwa wamefika pima ya nne adhana ya magharibi ilipopigwa. Kamba iliyobaki ilikuwa ndefu kuliko iliyofungwa, na nusu zote zilikuwa bado. Mahmudi alishika kitambaa cha tano, akataka kuendelea.

"Acha," alisema Hafswa. "Huoni tena unachofunga."

Mahmudi alikiweka kitambaa juu ya kamba mahali kidole cha Fumo kilipokuwa, akakiwekea jiwe kisiondoke mpaka asubuhi, akaenda kutia udhu.