Zamu Yangu na Vita vya Chipu

Valentin ana mdomo. Akianza kusema, hata aliyekuja dukani kwangu kununua chumvi huketi amsikilize. Jumapili ile baada ya misa, aliposogeza kiti chake katikati ya likelemba yetu hapa Nakivale, kambi ya wakimbizi Uganda, nilijua ana neno.

Likelemba ni mchango: kila mwezi wote tunatoa, mmoja anapokea. Mwezi huo wa kupokea nilikuwa mimi, Mariette, na kila mtu alijua nataka nini. Nilitaka pikipiki ya mwanangu Ulrich, aendeshe bodaboda, asahau habari za kurudi kwetu Kongo, Kivu Kusini, kuchimba koltani, yale mawe yanayotumika kwenye simu na kompyuta. Baba yake aliangukiwa na shimo huko, na hatukupata hata mwili wa kuzika.

Lakini Sowedi, muuza simu wa Mbarara, alikuwa amewaonyesha wenzangu jinsi anavyonunua hisa. Kuna kampuni mbili ng'ambo zinazopigana kwa kutengeneza chipu za kompyuta, na tangu siku hiyo kikundi kizima kilikuwa kama mashabiki wa mpira. Wengine wa ile tuliyoiita Kubwa, wengine wa ile ndogo, Mpinzani. Watu ambao hawajawahi kugusa kompyuta!

“Kubwa iko na bateja bote,” alisema Concilie, muuza dagaa. “Ule mwingine anamufuata tu nyuma.”

“Anamufuata, lakini anauzisha bei ya chini,” Kizito, fundi viatu, akamkatiza. “Batu banapenda bei ya chini. Kubwa itaanguka.”

Walibishana mpaka mate yakawakauka. Walitaka mchango wa mwezi huo ununue hisa, lakini kama mimi mwenye zamu nakubali, hakuna aliyeuliza. Ndipo Valentin, aliyechimba koltani miaka mingi kabla ya kukimbilia huku, akainua mkono.

“Munapiga kelele ya bure. Mi nilichimbaka, najua. Banunuzi babili bakigombania kilima kimoja, nani anakula? Muchimbaji! Bale bapigane tu, bote banahitaji majiwe yetu. Itapanda bei mingi. Tununue hisa fasi zote mbili!”

Makofi yakalia. Kwetu mwenye zamu ndiye anayekata neno, kwa hiyo wote wakanigeukia. Ulrich alikuwa ameegemea ukuta wa duka, macho kwa Valentin, yeye ambaye husinzia padri akihubiri. Nilidhani anasikitikia pikipiki. Niliogopa kuitwa mchoyo mbele za watu, nikasema haya, nunueni, pikipiki itangoja.

Kesho yake asubuhi kitanda cha Ulrich kilikuwa kitupu. Jioni sauti yake ikaingia kwenye simu yangu.

“Mama, usikasirike. Papa Valentin alisema kweli. Kama majiwe inapanda, nitangojea hisa ya nini? Naenda ku majiwe yenyewe. Bei ikishuka nitarudia nyumbani.”

Nilimtukana Valentin mpaka sauti ikanikauka. Alilia, masikini, lakini machozi yake hayamtoi mtu shimoni.

Nikapanda gari kwenda Mbarara, dukani kwa Sowedi. Alinipokea kwa furaha, akanigeuzia simu. Mistari miwili ya bei za kampuni zile ilikuwa inapanda.

“Mama, ona! Hii napanda, na hii napanda! Wewe iko na bahati.”

“Zitashuka lini?” nikamuuliza.

Alicheka, akidhani namtania. Nikauliza tena. Kicheko kikamwisha, akasema hakuna mteja aliyewahi kumuuliza hivyo, na kwamba watu wanaojua wanasema vita hivi ndiyo kwanza vinaanza.

Ulrich sasa hutuma ujumbe mara chache. Anasema watu wamejaa pale kilimani, na mashimo ya juu yamekwisha, wanashuka chini zaidi.

Jumapili hii Concilie aliongoza sala. Alimshukuru Mungu kwa hisa zetu, akaomba zizidi kupanda, na kikundi chote kikaitika amina. Niliinamisha kichwa pamoja nao, nao ndio walionipa unga siku nilipofika hapa bila kitu. Nikaomba kampuni zote mbili zianguke, na wenzangu wapoteze kila kitu walichoweka, upesi, kabla mwanangu hajafika chini.