Masanduku ya Fundi Amolo

Mwaka 1974 Thadeus Amolo alikaa wiki sita katika kiwanda cha chai karibu na Ekerenyo, akichora nyaya kwenye karatasi. Alikuwa fundi umeme kutoka Kisumu, na alijiona amebuni jambo kubwa. Badala ya mtu mmoja kukimbia huku na huku akiwasha mashine, kila mashine ingekuwa na sanduku lake la swichi, na masanduku hayo yangepashana habari kwa nyaya na kuamua yenyewe.

"Yataongea Kijaluo au Kikisii?" aliuliza Nyanchera, msimamizi wa mashine ya kukaushia. Miaka kumi katika joto lile ilikuwa imemfundisha kutostaajabu upesi.

"Yataongea umeme, mama."

"Afadhali. Hayatatusengenya."

Siku ya majaribio meneja alikuja kujionea. Majani yalikuwa yamekwisha kusagwa na kugeuka rangi ya shaba, yakingoja mkanda uyapeleke kukaushwa. Amolo akabonyeza kitufe. Taa zikawaka, kisha kimya. Akabonyeza tena. Taa zilipendeza kweli, ila hakuna kilichosogea.

Meneja akatazama saa. Amolo, jasho likimtiririka, akafungua sanduku moja baada ya jingine, akagusa kila waya. Zote zilikuwa nzima.

"Mkanda unangoja nini?" Nyanchera akauliza.

"Unangoja mashine yako iseme iko tayari. Isije ikamwagiwa majani ikiwa baridi."

"Na mashine yangu je?"

"Inangoja mkanda uanze, isipoteze moto bu..."

Nyanchera alicheka hadi akashika mbavu. "Kumbe ni wageni mlangoni! Tangulia wewe, hapana, tangulia wewe! Umeyafunza adabu kupita kiasi, fundi."

Amolo aliona haya, kisha naye kicheko kikamponyoka. Akachomoa waya mmoja tu. Mashine ya kukaushia ikanguruma bila kuomba ruhusa ya mtu. Ilipopata joto, mkanda ukaanza kwenda wenyewe na majani yakapanda. Wafanyakazi wakapiga makofi.

"Kosa lilikuwa wapi?" meneja akauliza.

"Kwenye mpangilio, bwana. Nimegundua kwamba..."

Nyanchera akakohoa.

"Mama Nyanchera amegundua," Amolo akajirekebisha.

"Basi andika jina langu kwenye mchoro," akasema Nyanchera. "Kwa wino."

Amolo akaliandika palepale, akaruka herufi moja. Nyanchera alimfanya achore ukurasa mzima upya.