Baada ya Mavuno, Chumba Namba Kumi na Nne

Shuleni kwetu hakuna kufeli. Usifurahi haraka. Hakuna kufeli, lakini kuna "bado", na bado ni mbaya zaidi, maana aliyefeli angalau huambiwa aende zake nyumbani. Aliye bado hana ruhusa ya kwenda popote.

Iko hivi. Kila somo limekatwa vipande, na kila kipande kinaitwa kiwango. Hupewi alama moja ya jumla kwa Hesabu, eti sabini na mbili, ukatembea nayo kifua mbele. Unapimwa kipande kwa kipande. Moja, hujaanza kuelewa. Mbili, unakaribia. Tatu, umefika. Nne, umefika ukapitiliza. Ukikosea leo ukapatia mwezi ujao, kosa la leo linafutwa kama halikuwahi kutokea. Na sifuri haipo. Usipoleta kazi, unaandikiwa bado, na bado hiyo inahama nawe mwaka hadi mwaka mpaka uifute mwenyewe kwa ushahidi.

"Sifuri ni uongo," Mwalimu Levesque hutuambia. "Sifuri inasema najua kwamba hujui. Mimi sijui kama hujui. Sijaona tu."

Tabia nayo ina safu yake pembeni, haichanganywi na masomo: kuwahi, kushirikiana, kusikiliza. Kwenye kusikiliza nina moja tangu darasa la tisa. Mwaka mmoja Mwalimu Levesque aliongeza maelezo: "Mdomo wa Solange unafanya kazi zamu mbili." Bibi yangu alicheka mpaka akaibandika karatasi ile kwenye friji, na bado ipo.

Basi Novemba ile nilikuwa na tatu kila mahali isipokuwa kipande kimoja cha Hesabu, kiwango cha saba: *Anaweza kumweleza mwanafunzi mwenzake kwa nini jibu ni sahihi, mpaka mwenzake aelewe.* Majibu ninayo, siku zote ninayo. Ila ukiniuliza kwa nini, nakutupia utani tunaendelea na maisha. Safari hii utani haukufaa kitu. Chuo cha mafundi wa nguzo za umeme kilikuwa kimenipa nafasi ya Januari. Tangu niko mdogo nataka kuwa yule mtu anayepanda juu ya nguzo kwenye theluji watu wote wakimwombea. Sharti lao lilikuwa moja: viwango vyote viwe tatu kabla ya Ijumaa ya tarehe ishirini na moja, saa kumi jioni. Ikipita, nafasi anapewa mwingine.

Nilikuwa nimechelewa kwa sababu ile ile inayomchelewesha kila mtu huku kaskazini mwa Maine. Septemba shule inafungwa wiki tatu, tunakwenda kuvuna viazi. Walimu wanatuambia, "Nenda, utamalizia baada ya mavuno." Ukirudi, mgongo hauna hali na kichwani kumejaa viazi, ndipo unakwenda chumba namba kumi na nne kwa marudio.

Nilimwomba Remi Cyr awe msikilizaji wangu. Remi tumekua naye nyumba kwa nyumba.

"Chumba kumi na nne?" akasema. "Mwezi huu? Solange, nakupenda, lakini si kiasi hicho."

"Unaogopa nini, bwana wee? Ubao?"

"Namwogopa Odile Daigle."

Nikacheka. Odile Daigle alikuwa msichana wa miaka kumi na saba aliyekufa miaka sita iliyopita, wiki ya pili ya mavuno, lori la viazi lilipopinduka kwenye barabara ya shambani. Watoto wa shule wanasema kila Novemba hurudi. Watoto wa shule pia wanasema supu ya Jumanne ina nyama.

Jumatano saa tisa alasiri nikaenda peke yangu. Mwalimu Levesque alikuwa ameweka kiti chake nje, kwenye korido, kando ya mlango, anasahihisha madaftari.

"Ticha, mbona huku nje? Umefukuzwa darasani?"

"Ndani kuna baridi," akasema, bila kuniangalia. Akanipa karatasi ya ushahidi. Ina mistari miwili chini: mwelezaji na msikilizaji. Msikilizaji akishaelewa, hujibu swali jingine la aina hiyo bila msaada, wote wawili wanasaini humo humo chumbani, karatasi inatumbukizwa kwenye sanduku la mlangoni.

"Sina msikilizaji."

"Ingia tu," akasema. "Huenda ukampata."

Ndani palikuwa na msichana mmoja, dawati la mwisho kando ya dirisha. Koti la mavuno, magoti yana udongo. Nikajiambia ni wa shule ya jirani, maana wapo wanaokuja kwetu kwa marudio. Nikavuta kiti.

"Shikamoo mkulima," nikamtania. "Umetoka shambani au umekuja nalo?"

Hakucheka. Akaweka kidole kwenye swali. *Sanduku la viazi. Kila upande unaongezwa mara mbili: urefu, upana na kimo. Litachukua viazi mara ngapi ya mwanzo?*

"Nane," nikasema. "Rahisi. Mbili mara mbili mara mbili. Saini hapo."

"Kwa nini?"

Sauti yake haikuwa na ubaya wowote. Ilikuwa bapa.

"Kwa sababu ni mara tatu. Urefu, upana, kimo."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu kitabu kimesema, dada, na kitabu ni mkubwa wetu."

"Kwa nini?"

Kila mara ilikuwa sauti ile ile, urefu ule ule, kama umerudisha mkanda ukaubonyeza tena. Niliendelea nusu saa nzima. Nilichora, nikapiga domo, nikamwigiza mkuu wa shule akisinzia kwenye mkutano, kitu ambacho kimewahi kumchekesha hata padri. Mwisho nikagundua nimevaa koti na glavu na bado natetemeka, na bomba la joto chini ya dirisha linawaka kiasi kwamba huwezi kuligusa.

Nilitoka. Remi alikuwa koridoni, uso mweupe kama ukuta wa jokofu.

"Nilikuwa nakuchungulia kwenye kioo cha mlango," akasema. "Ulikuwa unazungumza na nani?"

"Na yule pale."

"Solange. Uliongea na dawati nusu saa."

Nikageuka nitazame. Dawati lilikuwa tupu. Sakafuni kulikuwa na udongo mwekundu wa shambani, mbichi, na mashamba yetu yote yalikwisha kuganda wiki mbili nyuma.

Alhamisi sikutaka kuingia. Nilisimama mbele ya kiti cha Mwalimu Levesque, na kwa mara ya kwanza nikakosa la kuchekesha.

"Ticha, ni yeye?"

Akafunga daftari. "Yupo leo?"

Nikachungulia. Alikuwapo, mikono juu ya dawati, anatazama mlango. "Yupo."

"Mimi simwoni," akasema. "Naona udongo tu. Kila mwaka nafagia." Akaweka daftari magotini. "Alikuwa amebakiza kiwango kimoja. Hicho hicho chako. Siku ya mwisho kabla ya mavuno alikuja hapa akitaka kumaliza, nami nilikuwa na haraka. Nikamwambia, nenda Odile, utamalizia baada ya mavuno. Mlango uko wazi siku zote."

"Si ungefuta jina lake?"

"Niandike nini? Kwamba hakujua? Sijaona hivyo. Kwamba alijua? Sijaona hivyo pia." Akapitisha kiganja usoni. "Kila Agosti orodha inakuja na jina lake, bado. Nami naliacha."

"Kuna wengine walioingia kabla yangu?"

"Walikimbia. Mmoja aliruka dirishani. Wewe ndiye wa kwanza kukaa nusu saa." Akatabasamu kidogo. "Ulikuwa unaongea, bila shaka."

Nikamuuliza kama yeye mwenyewe hawezi kunisikiliza tukamaliza. Akatikisa kichwa. Kiwango kinasema mwanafunzi mwenzake. Kwake yeye, lililoandikwa limeandikwa. Nilikwenda nyumbani, nikala chapati za Bibi bila kusema neno, na Bibi akanishika paji la uso kuona kama nina homa.

Ijumaa nilihangaika mchana kutwa. Remi alikuwa na mechi ya hoki mji wa pili. Wengine wakisikia chumba kumi na nne wanakumbuka wameacha jiko linawaka. Saa tisa na nusu nikaingia, maana hapakuwa na mlango mwingine wa kuingia.

Alikuwa dawati lile lile. Nje theluji ya kwanza ilikuwa inaanguka, na mwanga wa dirisha ulikuwa wa kijivu. Nikafungua mdomo nianze. Akanyanyua kiganja.

Basi nikanyamaza. Niseme ukweli: sikunyamaza kwa adabu. Nilinyamaza kwa sababu mate yalikuwa yamekauka.

Akaingiza mkono kwenye mfuko wa koti, akatoa viazi. Vilikuwa vimemenywa na kukatwa kwa kisu, kila kimoja mraba pande zote. Akaweka kimoja mbele yangu.

"Sanduku," akasema. Lilikuwa neno lake la kwanza mbali na lile "kwa nini".

Akaweka cha pili mbele ya cha kwanza. "Urefu ni mara mbili. Lakini ni jembamba bado." Akapanga viwili vingine ubavuni. "Upana. Sasa sakafu imejaa. Vingapi?"

"Vinne."

"Lakini ni fupi bado." Akaanza kupanga vingine juu, taratibu, kimoja juu ya kimoja, kucha zake zina udongo. Kidole chake kiligusa changu, na baridi ilinipanda mpaka kwenye jino. Sikuondoa mkono. Nilikuwa natazama. Ghorofa ya pili ilipojaa nikahesabu kwa macho: vinne chini, vinne juu. Nane haikuwa tena kitu kilichosemwa na kitabu. Ilikuwa pale mezani, inanuka shamba.

Nilikuwa nimeandika nane miaka mitatu na sikuwahi kuiona.

"Na mara tatu?" akauliza.

Hakunipa viazi. Nikafumba macho nikapanga mwenyewe. Vitatu kwenye mstari. Mistari mitatu, sakafu ya tisa. Sakafu tatu. "Ishirini na saba," nikasema, na kabla hajauliza nikaongeza, "kwa sababu kila sakafu ni tisa, na zinapandana tatu."

Hakuuliza kwa nini.

Saa ya ukutani ilisema kumi kasoro dakika kumi. Karatasi ilikuwa katikati yetu. Moja tu. Penseli mkononi mwangu.

Sasa, nani angejua? Mwalimu hamwoni. Remi anaona dawati. Ningeandika jina langu kwenye mstari wa mwelezaji, lake kwenye mstari wa msikilizaji, nitumbukize sandukuni, na Januari niko juu ya nguzo. Na sasa kweli naelewa! Nilistahili tatu hiyo. Ningeweza kumweleza mtu yeyote, kama angekuwapo mtu yeyote. Nikainama nikaandika S, nikaandika o, nikaandika l.

"Kwa nini?" akasema Odile Daigle.

Ilikuwa sauti ile ile, bapa, bila lawama. Lakini safari hii swali halikuwa la viazi.

Nikafuta. Raba ilichafua karatasi. Kwenye mstari wa mwelezaji nikaandika Odile Daigle. Kwenye mstari wa msikilizaji, Solange Thibodeau. Nikasaini, nikamsukumia. Alishika penseli muda mrefu kama mtu aliyesahau uzito wake. Kisha akasaini.

Nilipoinua macho kutoka kwenye saini, alikuwa hayupo. Viazi navyo havikuwapo. Chumba kilipata joto ghafla, nikatoka jasho ndani ya koti.

Nikampa Mwalimu Levesque karatasi mkononi badala ya kuitumbukiza sandukuni. Aliisoma. Alipofika kwenye saini akaipapasa kwa kidole gumba. Kisha akaingia darasani, akakaa kwenye dawati la mwisho, akafungua kompyuta, na mbele yangu akaandika tatu kwenye jina la Odile. Jina lilikaa sekunde moja, likahamia kwa waliomaliza.

"Na wewe?" akauliza.

Kengele ya saa kumi ikalia.

"Bado," nikasema.

Jumatatu nilimketisha Remi jikoni kwa Bibi na viazi vinane, nikamweleza mpaka akaelewa, na Remi si mwepesi, kisha nikamburuta chumba kumi na nne tukasaini. Nikapata tatu yangu, siku tatu baada ya nafasi yangu kwenda kwa kijana mmoja wa Bangor. Chuo kikaniandikia nijaribu Agosti. Nililia usiku mmoja, Bibi akaniambia nguzo hazihami.

Jioni hiyo Mwalimu Levesque aliniita chumba kumi na nne nione ukurasa wangu. Tatu zote zilikuwa zimejipanga. Akasogeza mpaka kwenye safu ya tabia.

Kusikiliza: nne.

"Asante, Ticha," nikasema. "Hatimaye umeniona."

"Sikuandika mimi," akasema.

Akabonyeza pale ambapo kompyuta huonyesha nani ameingiza alama na saa ngapi. Saa ilikuwapo: Ijumaa, kumi kasoro dakika nane, wakati kompyuta yake ilikuwa imefungwa kwenye mkoba wake kule koridoni. Sehemu ya jina ilikuwa tupu.

Tuliitazama wote wawili. Nilikuwa na utani mzuri kabisa juu ya jambo hilo, ulikuja wenyewe, ulikuwa kwenye ncha ya ulimi. Sikuusema. Nilikuwa nasikiliza kama kuna mtu darasani.