Saa Nane ya Lami

Kompyuta haina adabu. Jumatatu iliniambia kwamba barabara ya mlimani, yenye miaka kumi na mmoja tu, imezeeka kama ya miaka thelathini, na kabla ya mwaka kwisha itapasuka yote. Mhandisi wetu alisoma, akatikisa kichwa.

"Lami hii iliunguzwa kwenye tangi kabla ya kutandazwa. Andika hivyo kwenye ripoti."

Aliyesimamia kazi ile ni baba yangu. Ilikuwa ya mwisho kabla hajastaafu, na heshima yake yote iko pale. Nilipomweleza jioni hakufoka, naye ni mtu wa kufoka hata kijiko kikianguka. Alisema tu, "Sawa," akaacha chakula. Roho iliniuma mno.

Alhamisi, siku ya kusaini ripoti, nilimfuata barabarani mpimaji wetu, tunayemwita Digrii. Alikuwa amechuchumaa na kipimajoto chake, jasho linamtiririka.

"Mzee, kwenye vipimo vyako, hivi asubuhi lami inafikaje digrii hamsini na nane?"

"Asubuhi ipi, binti yangu? Mimi napima jua likiwa kali. Saa nane! Si nimekuandikia kwenye daftari?"

Kweli aliandika: saa 8. Na mimi, msomi wa kutegemewa, niliingiza 8 vilevile, na kompyuta isiyojua Kiswahili ikadhani ni saa mbili asubuhi. Ikaona kumekucha sasa hivi na lami tayari inachemka, mchana je? Ndiyo maana ikaizeesha.

Nilirudi ofisini mbio, nikasahihisha mstari kwa mstari, kila 8 ikawa 14. Jibu likaja: miaka tisa mingine kabla ya nyufa za kutisha. Nilipiga kigelegele peke yangu. Mhandisi akaja kuchungulia, akasoma mara mbili, akaichana ripoti ya kwanza.

"Haraka haraka haina baraka," akasema, utadhani aliyekuwa na haraka ni mwingine.

Nyumbani nilimkuta baba amekaa sebuleni, redio imezimwa.

"Baba, lami yako nzima kabisa. Kosa ni langu."

Nikamweleza yote, nikasubiri kufokewa, na kwa kweli nilikutamani kufokewa huko. Alishusha pumzi ndefu, akanishika mkono.

"Afadhali, mwanangu. Maana nilikwishaanza kuamini, hata nikaikumbuka siku niliyoiunguza."